Amana ya Mgonjwa: Mwongozo wa Kupanga Utafiti Unaotumia Taarifa za Afya

Mficha uchi hazai. Kwa methali hii wakunga wamewatoa haya wanawake wengi, ili waseme kinachowasumbua na kujibu wanachoulizwa. Ndivyo anavyofanya mama anayefika wodi ya wazazi usiku wa manane. Anataja umri wake, mimba zilizoharibika, presha, majibu ya kipimo cha VVU, pengine na jambo ambalo hajapata kulitamka mbele ya mumewe. Anayasema yote ili apone yeye na mwanawe. Muuguzi anayaandika kwenye rejesta ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Miaka mitatu baadaye unafika wewe na barua ya chuo, ukiomba kuifungua rejesta ile.

Mama huyo hakujui. Alichokiacha kwenye kurasa zile ni amana, na amana tangu zamani ina masharti matatu: itunzwe, isitumiwe nje ya ruhusa, na mwisho wake irudi kwa mwenyewe. Mwongozo huu unafuata masharti hayo. Umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili, daktari wa wilaya, afisa takwimu na yeyote anayetaka kufanya utafiti kwa kutumia mafaili, rejesta au mifumo ya kompyuta ya hospitali.

Ili tusizungumze hewani, tufuate utafiti mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Tuchukulie unataka kujua kwa nini wanawake wenye kifafa cha mimba katika wilaya yako hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Swali ni zuri na majibu yake yanaweza kuokoa maisha. Kwa hiyo utafiti huu unastahili kupangwa vizuri.

1. Anza na swali, rejesta ifuate

Kosa la kwanza la watafiti wengi ni kuomba "data zote" wakitumaini kwamba zitatafutiwa kazi baadaye. Fanya kinyume. Andika swali lako kwa sentensi moja, kisha chora jedwali la safu tatu: taarifa ninayohitaji, inajibu sehemu gani ya swali, na ninaihitaji kwa undani gani.

Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Je, unahitaji tarehe ya kuzaliwa? Hapana, unahitaji umri, na huenda makundi ya miaka mitanomitano yakatosha. Jina la kijiji? Unachotafuta ni umbali wa kufika hospitali, basi andika kilomita au saa za safari. Tarehe ya kulazwa? Unachopima ni ucheleweshaji, kwa hiyo andika idadi ya saa kutoka dalili ya kwanza hadi kufika wodini. Majibu ya VVU? Kama hayaingii kwenye swali lako, yaache yalipo. Taarifa ambayo hukuichukua haiwezi kuibwa, haiwezi kuvuja, wala haihitaji kufichwa.

Ukimaliza, pitia jedwali pamoja na muuguzi mfawidhi wa wodi. Mara nyingi atakuonyesha njia ya kupata jibu lilelile kwa taarifa chache zaidi.

2. Jua data ilivyozaliwa

Rejesta haikuandikwa kwa ajili yako. Imeandikwa na mkunga aliye peke yake zamu ya usiku, wanawake watatu wakisubiri kujifungua kwa wakati mmoja. Nafasi iliyoachwa wazi kwenye safu ya presha haimaanishi kwamba presha ilikuwa ya kawaida. Huenda mashine ilikuwa mbovu mwezi ule. Huenda mgonjwa alifika akiwa amezimia na muuguzi akaikimbilia sindano ya magnesiamu kabla ya kalamu, na alifanya sawa.

Tenga siku chache za kukaa na wanaojaza rejesta. Uliza nani hujaza, saa ngapi, na hufanya nini kitabu kikiisha. Uliza pia takwimu za mwisho wa mwezi hupelekwaje kwenye DHIS2, mfumo ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo ambao leo hupokea ripoti za vituo vya afya kote Tanzania na Kenya. Linganisha miezi kadhaa ya rejesta na ripoti iliyotumwa. Zikipishana, tafuta sababu kabla ya kuendelea.

Uadilifu haukomi kwenye kutunza siri. Matokeo yaliyojengwa juu ya data isiyoeleweka huwadhuru wagonjwa wa kesho. Mei 2020, jarida la Lancet lilichapisha makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa korona, ikidaiwa kutumia taarifa za wagonjwa 96,000 kutoka hospitali 671 za mabara mbalimbali, Afrika ikiwamo. Majaribio ya dawa hiyo yalisimamishwa katika nchi kadhaa. Wasomaji walipohoji, kampuni iliyodai kumiliki data, Surgisphere, haikuitoa ikaguliwe, na makala ikaondolewa tarehe 4 Juni. Waandishi wenza walikuwa wameweka majina yao juu ya data ambayo hawakuwahi kuiona. Usisaini kazi ambayo huwezi kueleza data yake ilitoka wodi gani na iliandikwa na nani.

3. Vibali: anza mapema, usiruke mlango

Tanzania Bara, utafiti wa afya unapitia kamati ya maadili ya taasisi yako na ile ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Zanzibar ina kamati yake, na kibali cha Bara hakikufungulii mlango wa hospitali ya Mnazi Mmoja ya huko. Kenya, kamati ya maadili iliyosajiliwa hutangulia, kisha leseni ya tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, NACOSTI, kisha ruhusa ya kaunti na ya hospitali yenyewe. Baada ya hapo bado unabisha hodi kwa mganga mkuu wa wilaya, kwa mganga mfawidhi, na kwa mkuu wa wodi. Mtu wa mwisho katika orodha hii ndiye anayejua rejesta zilipo. Mheshimu kama unavyomheshimu wa kwanza.

Pamoja na maadili, sasa kuna sheria. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 chini ya Kamishna wa Data. Zote mbili huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Sheria ya Kenya inaruhusu taarifa zilizokusanywa kwa lengo jingine zitumike kwa utafiti, kwa sharti kwamba zitumike kwa utafiti tu na zisichapishwe kwa namna ya kumtambulisha mtu. Muulize mwanasheria wa taasisi yako mambo mawili: je, taasisi imesajiliwa kama mkusanyaji au mchakataji wa taarifa, na je, utafiti wako unahitaji tathmini ya athari kabla ya kuanza?

Kama data itavuka mpaka kwenda kwa mshirika wa Ulaya au Marekani, usiitume kwa ahadi ya mdomo. Andikeni mkataba wa kuhamisha data unaosema ni taarifa zipi, kwa kazi gani, kwa muda gani, nani ataziona, na nani ataandika makala. Kwanza jiulizeni kama ni lazima data isafiri. Mara nyingi mshirika anaweza kufanya uchambuzi kwenye seva iliyo hapa, au akatumiwa majedwali ya jumla.

4. Ridhaa: mwombe mtu kwa lugha yake

Kwa rejesta za miaka iliyopita, kumtafuta kila mama nyumbani kwake mara nyingi hakuwezekani, na pengine kungemletea balaa, kwa kuwa mgeni mwenye fomu akibisha hodi, majirani watauliza amefuata nini. Mwongozo wa kimataifa wa CIOMS wa mwaka 2016 unairuhusu kamati ya maadili kusamehe ridhaa pale masharti matatu yanapotimia: utafiti hauwezekani bila msamaha huo, una manufaa makubwa kwa jamii, na hatari kwa wahusika ni ndogo sana. Anayetoa msamaha ni kamati. Wewe huna mamlaka ya kujisamehe.

Kwa wagonjwa wa kuanzia leo, omba. Uombe kwa maneno ambayo bibi yako angeyaelewa. Fomu nyingi za ridhaa zimetafsiriwa na mtu aliyekuwa akiukimbiza muda, zikajaa "uchakataji", "anuai" na "usiri wa kitaaluma". Jaribu hivi:

"Tunapokuhudumia tunaandika habari za ugonjwa wako kwenye kitabu. Tunaomba ruhusa watafiti wazisome baadaye, bila jina lako, wapate kujua kwa nini akina mama wenye kifafa cha mimba wanachelewa kufika hospitali. Ukikataa utatibiwa vilevile. Ukikubali leo ukabadili nia, mwambie muuguzi kabla ya mwisho wa mwaka huu, nasi tutaziondoa."

Angalia sentensi ya mwisho. Jina likishafutwa kabisa hutaweza kujua mstari upi ni wa nani, kwa hiyo taja muda halisi wa kujitoa. Usiahidi usichoweza kutimiza. Kisha usimwombe ridhaa mwanamke aliye kwenye uchungu wala aliyetoka kudegedeka. Subiri apate nafuu, na anayemwomba asiwe daktari aliyeshika maisha yake mkononi.

Ridhaa ina mipaka ya swali ulilomwambia mtu. Kuanzia mwaka 1990 watu wa kabila la Havasupai, wanaoishi ndani ya bonde la Grand Canyon huko Marekani, walitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona (Arizona State University) wakiamini inachunguzwa kwa ajili ya kisukari kilichokuwa kikiwamaliza. Damu ileile ikatumika baadaye kuchunguza ugonjwa wa akili, ndoa za ndugu, na asili ya uhamaji wa kabila. Walipogundua walikwenda mahakamani. Mwaka 2010 chuo kilikubali kulipa dola 700,000 na kurudisha damu. Imani iliyovunjika haikurudishwa na hundi, kwa sababu watu wenye shida kubwa ya kisukari walikuwa wamejifunza kuogopa watafiti. Ukipata swali jipya, rudi kwa kamati, na ikiwezekana rudi kwa wenyewe.

5. Kufuta jina hakutoshi

Hapa wengi hukosea wakiwa na nia njema. Mwaka 1997 Latanya Sweeney, mwanafunzi wa uzamili huko MIT, alichukua taarifa za matibabu za watumishi wa jimbo la Massachusetts zilizotolewa kwa watafiti bila majina. Akanunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20. Kwa kulinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, akalipata faili la gavana mwenyewe. Baadaye alikadiria kwamba mambo hayo matatu yanatosha kuwapambanua mmoja mmoja asilimia 87 ya Wamarekani.

Kwetu hakuna haja ya daftari la wapiga kura. Kijijini, majirani wenyewe ndio daftari. Tuseme umeandika kwenye makala: "msichana wa miaka 15 kutoka kata fulani, aliyejifungua mapacha mwezi Machi na mmoja akafariki." Hukutaja jina, lakini kata nzima inajua ni binti wa nani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na anayemjua mgonjwa zaidi ni yule anayeishi naye, ndiye pia anayeweza kumwumiza zaidi.

Kwa hiyo chukua hatua hizi:

Weka namba badala ya jina. Orodha inayounganisha namba na majina ibaki hospitali, kwenye kabati la kufuli, chini ya mtu asiyefanya uchambuzi. Data ya namna hii bado ni taarifa binafsi, kwa sababu orodha ipo.

Soma maelezo ya daktari neno kwa neno kabla ya kuyachukua. Ndani yake hujificha majina ya waume, shule, vituo vya polisi na namba za simu.

Kwenye majedwali ya kuchapishwa, unganisha makundi madogo. Watafiti wengi hawachapishi kisanduku chenye watu chini ya 5, na wengine huweka kikomo cha 10.

Mpe mwenzako anayetoka wilaya hiyohiyo jedwali lako la mwisho, umwombe ajaribu kumtambua mtu hata mmoja. Akifaulu, hujamaliza.

Fikiria pia jina la jamii nzima. Ukiandika kwamba kijiji fulani ndicho kinachoongoza kwa wanawake kufichwa ndani hadi wadegedeke, hukumtaja mtu, lakini umewavika aibu mamia ya watu. Jiulize kama swali lako linahitaji jina la kijiji.

6. Ulinzi wa kila siku

Data huvuja kwa mazoea pia, si kwa wadukuzi peke yao. Picha ya ukurasa wa rejesta inapigwa kwa simu "ili nije niandike jioni", inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la watafiti, inabaki kwenye simu sita. Flashi inasahaulika kwenye kompyuta ya duka la kuchapisha. Neno la siri moja linatumiwa na watu wanne. Kataza haya kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza, na uwe wa kwanza kuyatii.

Tumia mfumo uliowekwa na taasisi yako, kama REDCap au ODK, ambao kila mtu huingia kwa jina lake na kila anachogusa hurekodiwa. Kompyuta na kishikwambi vifungwe kwa usimbaji, ili kikiibwa kwenye daladala mwizi apate chombo tu. Weka nakala ya akiba mahali pengine palipo salama, na uijaribu kuifungua.

Usiiamini programu kwa kuwa imezoeleka. Kati ya Septemba na Oktoba 2020, Uingereza ilipoteza kwa muda visa 15,841 vya korona kwenye hesabu zake kwa sababu taarifa zilikuwa zikipitishwa kwenye muundo wa zamani wa faili la Excel usiobeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa kimya kimya, na waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kuonywa. Kila unapohamisha data, hesabu mistari kabla na baada.

Wachague wasaidizi wa utafiti kwa uangalifu. Mwenyeji anajua lugha na mila, lakini anaweza kukutana na faili la wifi yake. Mkubaliane tangu mwanzo: akiona jina analolijua, anafunga faili na kumpa mwenzake. Wasaini kiapo cha kutunza siri, na umweleze kila mmoja kwa nini. Januari 2019 Singapore ilitangaza kwamba taarifa za watu 14,200 wenye VVU zimewekwa mtandaoni. Hazikuibwa kwa ufundi wa kompyuta. Aliyezivujisha alikuwa na mwenza daktari, aliyekuwa na ruhusa halali ya kuifikia rejesta.

Na jambo la siku hizi: usibandike maelezo ya mgonjwa kwenye programu ya akili bandia ya mtandaoni ili ikufupishie au ikutafsirie. Ukishayatuma, yametoka mikononi mwako kwenda mahali ambapo kamati yako haikuruhusu.

7. Rudisha amana

Utafiti haumaliziki makala inapochapishwa. Katika miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zilikuwa na mradi wa afya ulioitwa TEHIP. Wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba, na familia zilizofiwa zikakubali kusimulia dalili za mwisho za mpendwa wao, ili chanzo cha kifo kijulikane. Taarifa hizo hazikupelekwa kabatini. Zilichorwa kwenye chati rahisi zikawekwa mbele ya timu ya afya ya wilaya wakati wa kupanga bajeti. Ikaonekana kwamba huko Morogoro malaria ilibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, wakati mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti. Wakahamisha fedha, wakafundisha wahudumu kumtibu mtoto kwa utaratibu unaofaa. Katika miaka michache vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Wazazi waliosimulia misiba yao waliwasaidia majirani zao kutozika.

Panga mrejesho tangu kwenye bajeti: nauli, chai ya kikao, uchapaji wa karatasi moja ya Kiswahili. Anza na wodi iliyokupa rejesta, kisha timu ya wilaya, kisha wananchi kupitia viongozi wa vitongoji na wahudumu wa afya wa jamii. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wa Wellcome Trust wana wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wakazi wenyewe, na kupitia kwao wananchi huuliza na kulalamika kabla utafiti haujaenda mbali. Waandike kama waandishi wenza wahudumu waliochangia kazi ya kitaaluma. Na kwenye pendekezo lako taja data itahifadhiwa wapi, hadi mwaka gani, nani ataamua ombi la mtafiti mwingine, na itafutwaje. Ukihama kazi, data inabaki kwa taasisi.

Ukurasa mmoja kabla ya kuanza

Kaa na karatasi tupu ujibu maswali haya kwa mkono wako. Swali langu ni lipi, kwa sentensi moja? Ni taarifa zipi chache zinazolijibu? Nani aliziandika, na katika hali gani? Nani amenipa ruhusa, na ruhusa hiyo inaishia wapi? Nani anaweza kumtambua mgonjwa kwenye data yangu, na angemfanya nini? Ikivuja usiku wa leo, nitampigia nani simu kesho asubuhi? Mama aliyeacha habari zake kwenye rejesta atapata nini kutokana na kazi yangu?

Swali la mwisho likikosa jibu, rudi kwenye la kwanza ulipange upya. Yule mama aliambiwa asifiche, naye hakuficha. Sasa ni zamu yako kumtunzia.